Mbona "rafiki yangu" lakini "mbwa wangu"?

Kuna mama kaniuliza hivi, mwanawe anasoma inglishi midiamu, juzi kaja mbio anasema "mama, mbwa yangu amepotea", akamsahihisha, sema mbwa wangu, mtoto naye akamuuliza mbona wewe unasema rafiki yangu na rafiki ni mtu? Mama akakwama.

Dada, huyo mtoto ana sikio zuri sana. Kiingereza anachosoma kina "my" moja tu, my dog, my friend, my shoe, haijali kitu chenyewe ni nini. Sisi kimilikishi, yaani neno la kumiliki kama wangu au yangu, kinafuata ngeli, yaani kundi la jina, ya kile kinachomilikiwa: kiatu changu, jembe langu, ufunguo wangu. Na watu na wanyama tunawapeleka kwenye ngeli ya watu hata kama jina halina ile m inayogeuka wa wakiwa wengi, kama mtu, watu, ndo maana mbwa wangu, daktari wangu, kocha wetu.

Sasa waliobaki na yangu ni hawa wa undugu na mazoea: baba yangu, dada yangu, shangazi yangu, wifi yangu, jirani yangu, shoga yangu, hata adui yangu. Lakini angalia vizuri, kilichobaki ni kimilikishi peke yake. Chukua "rafiki yangu mmoja amefika", hapo yangu iko ngeli ya I-ZI, ile ya nyumba yangu, nyumba zangu, lakini mmoja na amefika vimeshahamia kwa watu, hakuna anayesema rafiki yangu moja imefika. Wakiwa wengi ni rafiki zangu wawili wamefika. Sentensi fupi vile na ngeli mbili ndani yake, na tunaisema kila siku bila kufikiria, mi hii naipenda mno.

Mke, mume na mtoto hawamo kwenye kundi hilo kwasababu wana m yao wenyewe, mke wangu, mtoto wangu. Ukitaka ushahidi sikiliza maneno yaliyokatwa: mkewe, mumewe, mwanawe, hiyo we imetoka kwenye wake, ila nduguye na babaye ni yake, na nduguze ni zake. Hata kwenye kukata hatuchanganyi.

Ng'ombe zangu, mbuzi zangu, hiyo wengi wanasema na mi siiti kosa. "Mtoto yangu" na "mwalimu yangu" ndo hapana jamani.

Kwa mwanao usianze na ngeli, atachoka bure. Mwambie wa ukoo, marafiki na majirani ni yangu, wenye m inayogeuka wa, kama mke na mtoto, ni wangu, na mbwa, paka na daktari nao wangu.