Mkuu, michango ya wanachama msiiguse hata kwa dawa

Nilikua nasoma bandiko lako la kikundi chenu cha watu 30 kilichoahidiwa milioni 45 na mfadhili, vizuri tu, mpaka nikafika pale ulipoandika "tumekubaliana tusimamishe michango ya wanachama kwa miaka miwili ili tujikite kwenye mradi". Chai imenipalia. Dada yangu, kama hicho kikao cha Jumamosi bado hakijakaa, futeni hiyo ajenda. Maswali yako mengine, ya usajili, benki, mshahara wa katibu na ripoti, nitayajibu huko chini nikikumbuka, ila hili kwanza, maana mi ndo nilikua katibu wa kikundi kilichokufa kwa ajenda hiyo hiyo, na muhtasari wa kikao niliuandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bure yenye nembo ya mfadhili.

Sisi tuko huku Njombe, kwenye viazi na baridi. Tulianza 2009 tukiwa watu 43, kikundi cha kuzikana tu kama vilivyo vyote, jero jero (mia tano mia tano) kila Jumapili baada ya ibada. Huku kwetu ukimwi ulivyotupiga hamna asiyejua, karibu kila kitongoji kuna bibi anayelea wajukuu watatu wanne peke yake, kwahiyo haikupita muda tukaanza kununua sare na madaftari. Msimu wa mavuno kila mwanachama analeta debe la mahindi au la viazi, tunauza, hela inaingia kwenye kopo. Ndiyo, kopo, la Blue Band. Mweka hazina alikua mama mmoja tulimwita Mama Daftari, hajamaliza hata darasa la nne, ila kaunta buku lake halijawahi kupishana hata shilingi mia. Mpaka mwaka wa tano watoto 22 wanavaa sare zetu na mtoni tumeweka kivuko cha mbao kwa nguvu zetu na ulanzi kidogo. Hatukujua kama hiyo inaitwa asasi ya kiraia, tulijua ni kikundi.

2014 akaja mfadhili. Yaani hakuja yeye, lilikuja shirika la katikati, wale wanaochukua hela kubwa huko juu na kugawia vikundi vidogo, likamleta kijana wa programu, shati limenyooka, kitambulisho kinaning'inia shingoni mpaka kwenye kitovu. Akatusifia weee. Mkataba wa miaka mitatu, pikipiki, laptopu, kibao cha barabarani. Alafu akasema maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka leo tumbo linanikata: kwamba michango yetu ya jero itachanganya mahesabu, mkaguzi hatotuelewa, na kwamba kitaalamu wanachama wetu sasa ni WALENGWA, yaani watu wa kupewa msaada, na mlengwa hatozwi.

Mlengwa hatozwi! Mtu mzima amezika, amelima, amechanga miaka mitano, unaamka asubuhi unamwambia wewe sa hivi ni mlengwa. Na tukapiga makofi. Mi nilikua wa kwanza kupiga makofi, siwezi kudanganya hapa, nilishaona pikipiki.

Alichotakiwa kutuambia yule kijana ni sentensi moja tu, fungueni akaunti mbili. Basi! Ya mradi huku, ya wanachama kule, mkaguzi anaangalia yake na Mama Daftari anaangalia yake. Ila hiyo ingemwongezea yeye kazi ya kuelewa kopo la Blue Band linafanyaje kazi, na kwenye fomu yake hapakua na chumba cha kopo. Sijui walimfundisha wapi. Semina zake zote zilikua za "uendelevu", ana mchoro wa uendelevu kwenye projekta, mishale inazunguka zunguka, na hapo hapo anatukata mguu tuliokua tunasimamia.

Sasa sikiliza ilivyokufa, maana haikufa siku moja.

Kwanza vikao. Zamani vilikua bure, unakuja na jero yako. Chini ya mradi vikawa na "nauli" elfu 10 kwa kila anayehudhuria, hata yule mzee ambaye nyumba yake na ofisi vinatenganishwa na mti wa parachichi. Miezi sita tu watu wanauliza kwanza kama kuna karatasi ya kusaini. Isipokuwepo, ana mgonjwa, ana ng'ombe, mara mvua. Na yale maswali yakaisha. Enzi za jero ilikua ukisoma matumizi lazima mtu anyanyuke, "hiyo elfu 12 ya misumari mbona kivuko kile kile kinachezacheza?" Tulikua tunachukiana kwa ajili ya misumari jamani. Lakini ilipoingia milioni, hamna aliyenyanyuka. Laptopu iliibiwa nyumbani kwa mwenyekiti katika mazingira ambayo sitaki kuyasema hapa, na kikao kizima kikasema pole. Hela haikua yao, wangeiulizia kwa uchungu gani?

Tena jero ilikua na kazi ambayo hatukuiona. Mtu akikosa kuchanga Jumapili mbili tulikua tunaenda kwake, tunakuta anaumwa, au mume kaondoka na hela ya mbolea. Ndo tulikua tunajua hali za watu. Michango ilipokata hamna aliyemfuata mtu, na ndo tukawa hatujui kwamba Mama Daftari anaumwa.

Amefariki Machi 2016. Kwenye akaunti ya mradi siku hiyo kulikua na milioni 38, najua kwa sababu mi ndo mtia saini wa pili. Kwenye kopo hamna kitu, kopo lenyewe sijui lilienda wapi. Nikampigia kijana wa programu, akasema pole sana, ila bajeti haina kasma ya msiba, na kusema ukweli hapo hakua na kosa, hela ya mradi ni ya mradi. Akaniambia niandike barua pepe kuomba kuhamisha fungu, majibu huchukua wiki tatu. Maiti wiki tatu! Nikazunguka kwa wanachama kuomba elfu mbili mbili. Mlango wa kwanza, "nyie si mna hela za mzungu?" Mlango wa pili hivyo hivyo. Walinijibu bila ubaya kabisa, walikua wanashangaa kweli, kikundi chenye pikipiki na kibao kinaombaje elfu mbili.

Jeneza walileta vijana wa bodaboda wa kijiwe cha barabarani, buku buku (elfu moja moja), na madebe matatu ya mahindi ya kupikia watu. Vijana ambao hatujawahi kuwaalika hata semina moja. Mwanae mkubwa alikuja kunishika mkono makaburini, akasema tu, "mama alikua anatuambia msihangaike, kikundi kitanizika". Hakuongeza neno. Mi nilikua nimevaa tisheti ya mradi, mkuu, ndo ilikua safi siku ile.

2017 mkataba ukaisha, barua ya kurasa mbili, asanteni kwa ushirikiano, vipaumbele vya mfadhili vimebadilika. Tukaitisha kikao cha kujipanga upya, wakaja sita, na wawili kati yao waliuliza nauli. Kibao bado kipo barabarani, mbuzi wanajikunia, kwahiyo kuna walengwa bado wananufaika.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema "hiyo jero ingefanya nini cha maana". Haya. 2011 kwenye ule ukame wa kaskazini mwa Kenya, Msalaba Mwekundu wao na makampuni walifungua mchango wa Wakenya wenyewe, unatuma kwa simu kuanzia shilingi 10, lengo ni milioni 500 za kwao ndani ya wiki nne, na lengo likavukwa. Shilingi 10, hela ya pipi. Na sisi tulioimba shuleni kwamba maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, kila siku tunaimba, hakuna aliyesimama akasema mwalimu mbona kwenye vitu vinne hela haimo.

Tulianza tena 2018, watu 9, shilingi 200 kwa wiki, maana kurudisha imani ni kazi kuliko kusajili. Mtu uliyemzoesha kulipwa kuja kikaoni kumrudisha kwenye kutoa, aisee, ni kama kumwachisha mtoto ziwa, tena mtoto mwenye meno. Leo tuko 31, buku kila wiki, debe la viazi msimu ukifika. 2022 akaja mfadhili mwingine kupitia shirika la katikati jingine, dada mmoja mwelewa sana, tukamwambia masharti kabla hajafungua begi: akaunti ya wanachama haiguswi wala hairipotiwi kwenye mradi, vikao vyetu vya Jumapili havina nauli, na hela yenu haigusi sare za watoto, sare tunanunua wenyewe. Nilidhani ataondoka. Akasema sawa, nyie leteni kiasi, na sisi tutaweka sawa na mlicholeta kwenye mafunzo ya vijana. Kumbe hata wao kuna wanaolielewa hilo, hatukua tunauliza tu! KCDF, mfuko wa maendeleo ya jamii pale Nairobi, wako kwenye mambo haya tangu 1997, jamii iweke chake kwanza, nilikuja kulijua hilo nimeshazika.

Alafu ikaja Januari 2025, Trump ameapishwa na siku hiyo hiyo akasaini kusimamisha misaada ya nje siku 90, na ilipofika Julai USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Hela ya yule dada ilikua inatokea huko. Kuna mashirika huku mkoani watu walipata barua asubuhi mchana wanabeba maboksi. Sisi mafunzo ya vijana yalikufa, sikatai, cherehani nne zimekaa zimefunikwa mashuka. Lakini Jumapili ile kikao kilikaa saa nane kama kawaida, buku zikahesabiwa, mtu akauliza kuhusu bei ya vitambaa, ugomvi ukawepo, na shule zilipofunguliwa baada ya likizo watoto 17 hakuna aliyekosa sare.

Kwahiyo Jumamosi simama uwaambie. Mchango uendelee, hata mkishusha mpaka mia mbili, kiasi sio ishu, ishu kila mtu atoe na jina lake lisomwe kwa sauti. Mwenyekiti atoe, wewe utoe, mwenye shida asamehewe kikaoni sio kimya kimya kwa kujuana. Asiye na hela alete kuni, alete siku ya kulima, iandikwe. Akaunti mbili na watia saini tofauti kama mnaweza. Vikao vya mradi walipe nauli wakitaka, vikao vyenu hakuna. Na msiba usitoke kwenye mradi hata siku moja, mtoe wenyewe. Afisa wao akiwaambia mlengwa hatozwi, mwambieni sawa, hapa hamna mlengwa, hapa kuna wanachama 30 wenye kikundi chao, na yeye ndo mgeni. Mwambieni kwa heshima lakini, msije mkasema mi ndo nimewatuma mtukane watu.

Usajili uliuliza. Mkibaki kikundi cha kijamii mlango wenu ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Mkitaka kuwa NGO mnaingia kwenye sheria ya 2002, unaweza kusajili ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, msikimbilie taifa kwa sababu ya sifa, mtajaza makaratasi mpaka mchanganyikiwe. Ila hiyo milioni 45 mliyoahidiwa angalieni, kanuni za 2018 zinaitaka NGO ikisaini mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 iupeleke Hazina (Wizara ya Fedha) na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10, na huyo mfadhili wenu sidhani kama amewaambia, maana wa kwetu hata kopo hakuliuliza. Benki uliyouliza, chukueni yoyote yenye wakala karibu.

Kuna la mshahara wa katibu na la kuandika ripoti, nimeyaona, sijayakimbia, ila gari la viazi limefika na hawa jamaa wakinikosa hapa watafunga lumbesa kama mlima. Kikao umesema Jumamosi hii au ijayo?