Mke mjamzito ana mafua na homa: kabla hujamfukiza, hesabu pumzi zake

Kaka, umeandika kwamba mkeo ana mimba ya miezi saba, leo siku ya tatu ana mafua na homa, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na mama mkwe wako ameshachuma majani ya mkaratusi amfukize. Unauliza kama mnaweza kungoja mpaka Jumatatu. Mimi nilingoja. Ninyi msingoje, mpeleke wifi leo.

Ilikuwa mimba yangu ya pili, wiki ya 30, ilikuwa Julai, Arusha, baridi imeshika kwelikweli. Mwanangu mkubwa alirudi na mafua kutoka shuleni, akamwambukiza baba yake, wote wakapona ndani ya siku nne. Kwangu yakaganda. Siku ya pili viungo vyote vinauma, homa haishuki. Zahanati wakapima malaria, hamna. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikachukulia kwamba "huna malaria" maana yake "huumwi". Nadhani wengi tunateleza hapo hapo: homa kwetu ina jina moja, likikosekana hilo, kinachobaki kinaitwa mafua tu.

Duka la dawa nikapewa antibaotiki na vidonge vya maumivu. Antibaotiki haiui kirusi. Na vile vidonge vya maumivu nilikuja kukatazwa baadaye: diklofenaki na ibuprofeni, mimba ikishavuka wiki ya 20, zinaweza kumdhuru mtoto figo na kupunguza maji ya uzazi. Cha kushusha homa ni parasetamoli, kwa kipimo alichoandikiwa.

Halafu nyungu. Mama aliweka sufuria chini, mkaratusi, malimao, tangawizi, akanifunika blanketi zito. Mwili ulikuwa tayari unawaka. Haikupita muda masikio yakaanza kuvuma, moyo unadunda kooni, na mtoto aliyekuwa akicheza tangu alasiri akatulia. Nikalitupa lile blanketi, nikakaa sakafuni nimeshika tumbo mpaka aliposogea tena. Mama simlaumu, ndivyo alivyotuuguza sote tulipokuwa wadogo. Lakini mjamzito mwenye homa anahitaji kupoozwa. Kumwongezea joto ni hatari, na kwa mimba changa ni mbaya zaidi, kwa sababu homa kali ya wiki za mwanzo imehusishwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Chai ya tangawizi anywe, hiyo haina neno.

Usiku wa siku ya nne mume wangu aliniuliza kadi ya kliniki iko wapi. Nikamjibu, "Iko kwenye..." nikavuta pumzi, "...droo..." nikavuta tena, "...ya chini." Akaniangalia. Akachukua simu, akaweka dakika moja, akahesabu kifua changu kinavyopanda. Pumzi 34. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 mpaka 20. Hatukusubiri kuche, tukaita bajaji.

Hospitali walinibana kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye kidole, kikasoma asilimia 91. Muuguzi hakuongea mengi, alinilaza ubavu wa kushoto, akaniwekea mrija wa oksijeni puani, kisha akasikiliza moyo wa mtoto. Nao ulikuwa unakwenda mbio, homa ya mama humfikia na yeye. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia.

Daktari alinieleza hivi, na nimeelewa tangu siku hiyo. Tumbo likikua, msuli wa kupumulia chini ya mapafu unasukumwa juu kama sentimita 4. Wakati huohuo mwili unataka oksijeni zaidi, kama asilimia 20 juu ya kawaida, maana mnapumua wawili. Kwa hiyo akiba ya hewa ni ndogo. Kirusi kilekile ambacho mume wangu alikimaliza kwa siku nne, mimi kilinikuta sina akiba. Ndiyo maana mwaka 2009, mafua ya H1N1 yalipoenea, Marekani wajawazito walikuwa kama asilimia 1 ya watu wote, lakini katika waliokufa walikuwa kama asilimia 5. UVIKO-19 nayo ilitufanyia vivyo hivyo: wajawazito wengi zaidi walihitaji chumba cha uangalizi maalumu kuliko wanawake wa umri wao wasio na mimba, na watoto wakazaliwa kabla ya wakati.

Kuna dawa ya virusi vya mafua, oseltamivir, na mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mimi nilizimaliza hizo saa nikizunguka duka la dawa na sufuria. Nililala wodini siku sita. Wiki ya 34 uchungu ukanishika, nikajifungua njiti wa kilo 2.1, nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi wiki tatu. Sasa anakimbia, Mungu ni mwema.

Chanjo ya mafua Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2012 kwamba wajawazito wapewe kipaumbele cha kwanza. Kinga yake humfikia mtoto tumboni, na chini ya miezi sita yeye mwenyewe hachanjwi. Kliniki niliyohudhuria walinichoma pepopunda tu. Ulizeni kwenu, msingoje kuambiwa.

Sasa fanya hivi, kaka. Mkalishe wifi, asiongee, uhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 30, au akishindwa kumaliza sentensi, au kifua kinabana, au midomo imebadilika rangi, au mtoto amepunguza kucheza, ni dharura, ondokeni dakika hiyohiyo. Hata kama hayo yote hayapo, homa ya siku tatu na mimba ya miezi saba inatosha kumpeleka leo. Nenda na kadi ya kliniki, waambie mapema kwamba malaria imeshapimwa, na omba wampime oksijeni kidoleni. Chini ya 95 asikubali kurudishwa nyumbani.

Nipo hapa mpaka usiku. Ukishahesabu, niandikie umepata ngapi.