Sosi ya kitunguu saumu kuwa chungu: kosa ni moto

Dada, umesema sosi yako ya kuchovyea chipsi inatoka chungu na ya majimaji, na huna oveni. Mayonesi usiilaumu. Saumu iliyomenywa ikakaangwa kwa moto mkali huungua nje huku ndani ikiwa mbichi, na ikishaungua, uchungu hautoki hata uongeze sukari.

Usimenye. Kata kichwa cha saumu juu kidogo punje zionekane, tia mafuta kijiko cha chai, funga kwa foili, weka pembeni mwa jiko makaa yakiwa yameshika jivu. Geuzageuza. Baada ya dakika 40 hivi bonyeza: kikiwa laini kama parachichi bivu, tayari. Ukiminya, punje zinachomoka zenyewe, za rangi ya kahawia, zinanukia utamu.

Ponda vichwa viwili na chumvi kwenye kinu mpaka viwe rojo, changanya na mayonesi vijiko vikubwa 4 na mtindi vijiko 2. Mtindi uchuje kwanza kwenye kitambaa safi kwa saa moja. Nadhani majimaji yako yanatokea hapo. Ndimu mwisho, matone tu.

Angalizo: usiloweke saumu kwenye mafuta ukaiacha kabatini. Bakteria wa botulizimu (sumu ya chakula inayopooza misuli) huota humo bila kubadili harufu wala ladha. Weka kwenye friji, mmalize ndani ya siku 3 au 4. Aliyekula akianza kuona vitu viwili viwili au kushindwa kumeza, mkimbizeni hospitali.