Re: Chembe zisizovutana zinajipangaje zenyewe?

Ndugu, umeuliza chembe zisizo na mvuto wowote zinajipangaje kwenye kompyuta, wakati entropia, yaani kipimo cha wingi wa mikao ambayo chembe zinaweza kuchukua, inatakiwa iongezeke. Zinajipanga kwa sababu ya entropia hiyo hiyo. Zikibanwa zikiwa shaghalabaghala hukwamana. Zikijipanga, kila moja hupata nafasi zaidi ya kutikisika, na jumla ya mikao inayowezekana huongezeka. Wanafizikia Alder na Wainwright waliliona hili mwaka 1957 kwa tufe ngumu: zikijaza takriban nusu ya ujazo, zinaganda kuwa fuwele.

Umbo likiwa la ajabu ndipo utamu unapoanza. Mwaka 2009 kundi la mtafiti Sharon Glotzer, Chuo Kikuu cha Michigan, lilibana tetrahedroni, yaani piramidi za pembetatu nne, zikatoa kwasikristali: mpangilio wenye utaratibu lakini usiojirudia. Mwaka 2012 wakapima maumbo 145, na 101 yakajipanga.

Njia yenyewe, Monte Carlo, haina mambo mengi. Chagua chembe moja kwa bahati nasibu, isogeze au izungushe kidogo. Ikiingiliana na jirani, irudishe. La sivyo iache hapo. Rudia mamilioni ya mara huku ukipunguza polepole sanduku lenye chembe hizo. Tafadhali usiharakishe hapo: ukibana upesi zinakwama ovyo, nawe utadhani umbo lako halijipangi kabisa.

Kigumu ni kukagua mwingiliano, hasa kwa maumbo yenye mbonyeo. Tumia HOOMD-blue, programu ya kuiga chembe kwenye kompyuta; ni ya bure na hesabu hiyo inayo tayari. Anza na tetrahedroni.