Jibu: Koloni kubwa na ndogo kwenye sahani moja

Salamu ndugu. Umesema umepanda bakteria E. coli kutoka chupa moja, ukaiweka sahani ya agari (ute mgumu wenye chakula chao) kwenye nyuzi 37 usiku kucha, na asubuhi ukakuta koloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) nyingine kubwa, nyingine kama ncha ya sindano. Unahofia uchafuzi.

Kabla ya yote, angalia zimekaa wapi. Zilizosongamana hugombania chakula, na taka zao huzidumaza. Iliyo peke yake hutanuka. Mimi huinua sahani kwenye mwanga na kuigeuza: ikiwa udogo unafuata msongamano, basi wala usihangaike. Tazama pia unene wa agari, maana ukiimimina meza ikiwa imeinama, upande mmoja huwa mwembamba na koloni za huko hudumaa.

Kama umechanganya bakteria ndani ya agari badala ya kuwasambaza juu, zilizozama hubaki ndogo, zenye umbo la dengu.

Ikiwa kubwa na ndogo zimepakana, chota moja ndogo kwa kitanzi safi (kijiti cha maabara chenye pete nchani), uichore kwa mistari kwenye sahani mpya. Zikiota za kawaida, tatizo lilikuwa mazingira. Zikibaki ndogo zote, una aina nyingine au mbadiliko wa jeni. Hapo fanya rangi ya Gram (kupaka rangi inayotofautisha makundi mawili makuu ya bakteria).

Una ampisilini (dawa ya kuua bakteria) kwenye agari? Vikoloni vidogo vinavyozunguka koloni kubwa ni vya kutilia shaka sana: kubwa huvunja dawa, na bakteria wasio na usugu kwa dawa hiyo huota pembeni. Usivichote, na usiiache sahani kwenye joto kwa zaidi ya muda wa saa 16 hadi 18.