Namjua Mungu kwa kichwa, moyo umekauka

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Nimelelewa kanisani, nikapata kipaimara, na sasa nafundisha shule ya Jumapili. Niulize andiko lolote, nitakutajia sura na mstari. Lakini nikiomba naona kama naongea na ukuta. Wenzangu wanalia kwenye maombi, mimi macho makavu. Mwaka jana baba alifariki, nikaongoza sala msibani bila shida. Najiona mnafiki. Je, niache kufundisha?*
*Mwalimu Mkavu*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba. Nimeirudia barua yako mara kadhaa, na kila mara nakwama pale kwa baba. Umemtaja kwa sentensi moja, ukapita. Tena "bila shida".

Hebu nikuulize. Tangu siku ile, umewahi kumwambia Mungu habari za baba yako? Sina maana ya kuwaombea wafiwa kwa maneno yanayofaa msibani. Nasema wewe, mlango umefungwa, ukamwambia kwamba inauma, au hata kwamba una hasira naye.

Wapo watakaokwambia elimu ndiyo iliyokukausha, weka vitabu pembeni utafute moto. Usiwasikilize. Yesu hakuwalaumu watu kwa kuyachunguza maandiko. Aliwaambia, "Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima" (Yohana 5:40). Walifika kwenye maandiko wakaketi hapo hapo, na aliyeandikwa humo yuko mbele yao.

Fungua Zaburi ya 23. Najua unaijua kwa moyo, lakini isome polepole. Mwanzo Daudi anasimulia habari za Mungu kama unavyowasimulia watoto darasani: Bwana ndiye mchungaji wangu, hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Yote ni kweli, na yote anamwambia mtu mwingine. Halafu anaingia bonde la uvuli wa mauti, na pale pale anageuka: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Hasimulii tena. Anaongea na Mungu mwenyewe. Wewe, mwanangu, ulipita bonde lile mwaka jana huku bado unasimulia.

Kwa hiyo kazi ninayokupa ni ndogo, ila itakugharimu. Leo usiku usianze na sala ulizozizoea. Anza na baba. Mwambie Mungu jambo moja kuhusu baba yako ambalo hujamwambia mtu. Maneno yakikwama, kaa kimya mbele zake. Ukiona huna imani ya kutosha hata kwa hilo, tumia ya yule baba wa mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Yesu hakumfukuza arudi akiwa ameiva. Alimponya mtoto.

Kuhusu machozi, yaache. Kuna wanaolia kwa imani, kuna wanaolia kwa sababu wimbo ni mtamu, na kuna mtu anayeamini kweli kweli ambaye hajawahi kutoa chozi kanisani. John Wesley, yule Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alikuwa kasisi kwa miaka, amevuka bahari kwenda kuhubiri Georgia, Amerika, ndipo tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo London, akahisi moyo wake umepata joto na kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake yeye mwenyewe. Wengi huishia hapo wakisimulia. Lakini Januari 1739 huyo huyo aliandika kwamba yeye bado si Mkristo. Joto lilikuwa limepungua, naye akaendelea kumfuata Kristo zaidi ya miaka hamsini. Basi usikae unaupima moyo wako kila asubuhi. Ukiuchungulia moyo muda wote, utamwangalia Kristo saa ngapi?

Na unafiki? Mnafiki huficha. Wewe umeandika barua.

Usiache kufundisha kwa ajili ya ukavu. Ila mwombe mchungaji wako akupunguzie zamu kwa miezi miwili au mitatu, na umweleze sababu yenyewe, usimwambie umechoka tu. Jumapili hizo keti na waumini wengine usikilize bila kuandaa somo kichwani. Na kama tangu msiba usingizi umepotea au chakula hakipiti, mwone pia mshauri wa waliofiwa, wala usione aibu.