Kwa Anayeanza Kutunga: Shika Kwanza Ubeti Mmoja

Vijana wanaotamani kuwa washairi huniuliza mara kwa mara waanzie wapi, nami huwajibu kwamba wachukue ubeti mmoja wa tarbia, wauimbe mpaka uwakae mdomoni, ndipo washike kalamu. Ndivyo nilivyojifunza mwenyewe. Sikio langu lilizoea mapigo ya shairi kabla sijajua kwamba kipande cha kwanza cha mshororo, yaani mstari wa shairi, huitwa ukwapi na cha pili utao, na istilahi hizo zilipokuja hazikunipa taabu, kwa kuwa nilikwisha kuyajua yale zinayoyataja.

Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani (silabi) 16, yaani 8 ukwapini na 8 utaoni. Mizani huhesabiwa kwa matamshi, si kwa wingi wa herufi: "mtu" ni mizani mbili, kwa sababu m yake inasimama peke yake, ilhali "mwalimu" ni mizani tatu, kwa kuwa mwa hutamkwa kwa mkupuo mmoja. Tamka polepole huku ukigonga meza kwa kidole, na utaona hesabu inajipanga yenyewe.

Tuseme unataka kutunga juu ya msimu wa kupanda, na mshororo uliokujia ni huu: "Mvua imenyesha jana, shambani tuelekee." Utao umetimia, lakini ukwapi una mizani tisa. Wengi hapo hukimbilia inkisari, yaani kufupisha neno, na kuandika "menyesha." Ruhusa hiyo ipo katika ushairi wetu, nami siipingi, ila ninamshauri anayeanza aiache kwanza, atafute neno jingine. Jaribu "Mvua imeshanyesha, shambani tuelekee." Mizani zimetimia, tena maana imekaza zaidi, kwani sasa habari si mvua ya jana bali ni kazi inayotungoja. Hiyo ndiyo faida ya arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ambayo wanaoibeza hawaioni: inakulazimisha urudi kwenye wazo lako na kuliuliza linataka kusema nini hasa.

Kwa mabadiliko hayo, kina cha kati, yaani silabi ya mwisho ya ukwapi inayofanana katika kila mshororo, sasa ni -sha, nacho kina hatari yake. Vitenzi vinavyoishia hivyo ni tele, kama amsha, vusha, kumbusha na fundisha, na ukivipanga kimoja baada ya kingine ubeti utachosha upesi. Changanya na nomino: "Jembe ndilo la maisha, begani tulichukue." Kabla ya kuendelea na beti nyingine, andika pembeni maneno yote unayoyakumbuka yenye kina ulichokichagua. Yakiwa machache, badilisha kina mapema, kwa sababu kina kigumu kitakuvuta useme jambo ambalo hukulikusudia.

Jambo jingine lililonisaidia sana ni kutunga kibwagizo kwanza. Mshororo huo ndio utakaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, kwa hiyo ukiwa dhaifu, udhaifu wake utasikika tena na tena. Ukiupata ulio imara, beti zote zitajua zinakoelekea.

Wapo watakaokwambia kwamba vina na mizani vimepitwa na wakati, na watamtaja mshairi wa Tanzania, Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya Kichomi ilitoka mwaka 1974 ikiwa na mashairi huru. Ninaiheshimu sana kazi hiyo. Hata hivyo, naamini anayeanza afunge kwanza, ndipo afungue, maana shairi huru nalo linahitaji mapigo, na mapigo hayo ni vigumu kuyasikia kwa mtu ambaye hajawahi kupima mshororo.

Ukimaliza beti tatu au nne, usizisome kimya. Zighani kwa sauti, kisha mpe mtu mwingine azighani bila wewe kumwelekeza, nawe usikilize tu. Pale atakapokwama au kuvuta silabi isiyostahili kuvutwa, weka alama. Na usimweleze ulikusudia nini, kwa kuwa msomaji wa mbali hatakuwa nawe wa kumweleza. Kaa na mishororo hiyo yenye alama hadi uirekebishe yote, ndipo uanze shairi la pili.